Barua ya mtoto ya sikukuu: namna ya kuiandika, kuituma na kuijibu zama hizi za simu

Korosho zikianza kudondoka, watoto wa huku kwetu Kusini mwa Tanzania wanaanza kuomba. Wanajua minada ikifunguliwa Oktoba hela iko njiani, na simu ya baba ikilia mlio wa ujumbe wa benki, masikio yanasimama. Ombi lenyewe linatupwa mlangoni wakati baba anatoka: "Baba, Krismasi nataka baiskeli." Baba anajibu "sawa" bila kugeuka. Siku mbili baadaye aliyeahidi ameshasahau, aliyeahidiwa hajasahau. Ramadhani ikiingia mambo ni yaleyale, ila safari hii ni gauni la Idd na mkono wa Idd.

Ndiyo maana napendekeza barua. Iandikwe kwa mkono, ipigwe picha, isafiri kwa simu, na ijibiwe. Hilo la kujibiwa ndilo nitakalolirudia zaidi katika mwongozo huu, kwa sababu simu imefanya kutuma kuwe rahisi mno kiasi kwamba tumeacha kujibu. Mtoto anatumiwa kidole gumba au kopa, basi, mazungumzo yamekwisha. Barua ya mtoto haijakamilika mpaka mtu mzima ameijibu kwa maneno.

1. Tafuta atakayeisoma

Kabla ya karatasi, amueni barua inakwenda kwa nani. Awe mtu mmoja, anayemjua mtoto kwa jina, na mwenye uwezo wa kujibu. Baba aliyeko dago, yaani kambi ya wavuvi, Msimbati au Kilwa anafaa. Mama anayefanya kazi Dar anafaa. Shangazi, babu, dada mkubwa aliyeko chuo, wote wanafaa.

Usimsahau mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake tangu zamani, na wajomba wengi siku hizi wako mbali, wanapata habari za wapwa zao kupitia simu za kuombwa hela tu. Barua inamrudisha kwenye nafasi yake. Mpigie kwanza, mwambie: "Kaka, mwanao anataka kukuandikia barua ya sikukuu, utamjibu?" Akisita, mtafute mwingine. Ni heri mtoto amwandikie bibi ambaye hana senti lakini atajibu, kuliko amwandikie tajiri atakayekaa kimya.

Na kama mzazi mko nyumba moja, bado anaweza kukuandikia wewe. Kuna maneno mtoto hawezi kuyasema ana kwa ana.

2. Angalia kalenda na mfuko

Barua ikiandikwa tarehe 23 Desemba haina maana. Mtoto anaomba kitu ambacho muda wake umeshapita. Kwa Krismasi na likizo ya mwisho wa mwaka, andikeni katikati ya Novemba, na kama shule haijafunga, basi Jumamosi moja jioni. Kwa Idd el-Fitri, andikeni katika kumi la kwanza la Ramadhani, ili mafundi cherehani wasije wakawakatalia kumi la mwisho. Kumbuka Idd huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka ukilinganisha na mwaka uliopita, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana isikudanganye.

Kwa mkulima kuna kalenda nyingine. Korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi, zinakwenda ghalani kwa stakabadhi, zinauzwa mnadani kupitia vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, Lindi Mwambao na RUNALI, kisha malipo yanaingia benki. Kati ya kupima na kulipwa kuna kungoja. Mweleze mtoto safari hiyo yote kabla hajaandika. Mtoto wa darasa la tatu anaelewa vizuri kabisa ukimwambia, "Mzigo wetu uko ghalani, haujauzwa." Ambacho hawezi kukielewa ni kuona magunia yametoka nyumbani na hela haionekani, halafu hakuna anayemwambia kitu.

Mwambie pia kinachokuja baada ya sikukuu. Januari shule zinafunguliwa. Ada imeondolewa kwenye shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na begi bado viko juu ya mzazi. Mtoto akijua hayo, mara nyingi ombi lake linabadilika lenyewe bila kukemewa.

3. Karatasi kwanza, simu baadaye

Mtoto akiandikia kwenye simu, simu inamkamilishia maneno, vikatuni vinamkatiza, na anaishia kuandika "naomba zawadi" na mioyo sita. Karatasi inampa muda. Kata ukurasa wa katikati wa daftari ili usilegeze kurasa nyingine, mpe kalamu ya wino wa bluu au nyeusi (penseli haionekani vizuri kwenye picha), mkalishe kwenye meza au mkeka, kisha ondoka hapo. Ukimsimamia ataandika unachotaka kusikia.

Asiyejua kuandika bado, achore. Chini ya picha wewe andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "nataka mpira usiopasuka", usiandike "ningependa kupata mpira imara".

Barua iwe na sehemu tatu: salamu, habari, ombi. Salamu ni adabu yetu, isirukwe. Habari ndiyo sehemu wengi wanaipuuza, nayo ndiyo inayomfanya msomaji wa mbali ajisikie yuko nyumbani: nani anaumwa, nani kazaliwa, kuku wangapi wameliwa na kicheche. Kisha maombi mawili tu. Moja la kitu kinachonunuliwa, na moja la kitu kisichonunuliwa dukani. Hili la pili lipiganie. Watoto wakiambiwa waombe kitu kisicho cha dukani, ndipo wanapotoa yaliyo moyoni.

Nakuwekea mfano, wa mtoto wa darasa la tatu kwa mjomba wake aliyeko Dar (mabibo anayoyataja ni matunda ya mkorosho):

"Shikamoo mjomba. Mimi sijambo mama hajambo. Bibi anaumwa mguu lakini anatembea. Tumefunga shule nimekuwa wa tisa. Mabibo yapo mengi mpaka tunamwaga. Mjomba naomba viatu vya shule vyeusi namba 33 vya zamani vinanibana kidole kikubwa. Ombi la pili naomba ukija tulale wote Newala kwa bibi usiondoke haraka kama mwaka jana. Mpwa wako Somoe."

Kuna mahali nukta inatakiwa na haipo, na iachwe hivyohivyo. Kusahihisha tahajia ni kazi ya shule. Ukiichukua barua na kuipaka wino mwekundu, mwaka ujao hataandika. Ukiona namba ya kiatu au kipimo cha nguo kimekosewa, andika pembeni kwa mkono wako, au mjulishe msomaji kwa simu.

4. Isome wewe kabla haijatoka

Soma yote, taratibu, hasa ombi la pili. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu barua ni mahali ambapo mtoto anaweza kusema jambo zito bila kumtazama mtu usoni. "Naomba nisilale tena chumba cha wageni." "Naomba fulani asije sikukuu." "Naomba niende kwa bibi nisirudi." Maneno kama hayo si deko. Usiyafute, usimgombeze, usiyatume kwa ukoo mzima kuuliza. Kaa naye peke yenu, mwulize kwa upole, msikilize mpaka amalize.

Akikueleza kuwa anapigwa, anaguswa vibaya au anatishwa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Unaweza pia kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hapo habari ya zawadi inasubiri.

Yapo mengine mazito yasiyo ya hatari: mtoto anaomba wazazi waliotengana wale pamoja siku ya Idd, au anaomba marehemu baba yake aje. Hayo yaache kwenye barua, ila mpigie msomaji umwandae, asije akaisoma kwenye daladala akakosa la kujibu.

5. Piga picha na utume

Pigia picha barazani asubuhi au jioni. Jua la saa sita linaacha kivuli cha mkono juu ya karatasi, na taa ya ndani inafanya maandishi yawe ya manjano. Laza karatasi, simama juu yake, simu iwe sambamba nayo. Kama ukurasa una jina la shule, namba ya simu au mahali mnapokaa, funika kwa kipande cha karatasi nyingine.

Tuma kwa simu yako wewe mzazi. Masharti ya WhatsApp yanataka mwenye akaunti ya kawaida awe ametimiza miaka 13, na mtoto wa darasa la tatu hana haja ya akaunti ili kumwandikia mjomba. Ingia kwenye mazungumzo ya mtu mmoja, siyo kundi la ukoo. Kwenye kundi barua inachekwa, inasambazwa, na kesho yake jamaa wa jamaa anaiweka kwenye status yake. Nawe usiiweke kwenye status, hata kama imekuliza. Mtoto alimwandikia mtu mmoja, na heshima yake ni kusomwa na mtu huyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza wa mwanao ni kidole chako kabla hakijabonyeza.

Angalia pia kama mazungumzo hayo yamewekwa ujumbe wa kutoweka wenyewe. Wengi wameweka ili simu isijae, kisha wanashangaa barua ya mtoto haipo wakati wa kununua viatu umefika. Zima hiyo, au mwambie msomaji aihifadhi kwenye picha zake.

Baada ya picha, ongeza sauti. Mtoto aisome barua yake mwenyewe, isizidi dakika moja. Msomaji atasikia kigugumizi, jogoo wa jirani, na mtoto akicheka mwishoni. Hayo picha haiyabebi.

Msomaji mwenye kitochi asiachwe nje. Ujumbe mfupi mmoja unabeba herufi 160 pamoja na nafasi, kwa hiyo barua kama ya Somoe inaingia kwenye jumbe tatu. Au mpigie jioni mtoto amsomee. Bibi wa Tandahimba asiye na WhatsApp anaweza kupelekewa karatasi yenyewe na mtu anayepanda huko, na kwa kweli hiyo ndiyo njia atakayoipenda zaidi.

Tuma mapema, usingoje siku ya mwisho ukitegemea mtandao. Tunakumbuka Mei 2024: Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, madaraja ya upande wa Kilwa yakaenda na maji, barabara ya Dar ikakatika. Kabla hatujapumua, tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Basi halipiti, ujumbe hauendi. Desemba nayo mvua zinakuwa zimeshaanza.

6. Jibu

Hii sehemu ni yako wewe unayeandikiwa. Jibu ndani ya siku tatu. Ukichelewa zaidi ya hapo mtoto anaanza kuuliza kila jioni, na mama anaanza kukutungia udhuru.

Jibu kwa mwandiko wako ukipiga picha, au kwa sauti. Jibu kila ombi, moja moja. Na hapa ndipo wakubwa wengi tunapojikwaa: tunasema "tutaona", "Mungu akijalia", "usijali". Mtoto anaichukua hiyo kuwa ndiyo. Jina la Mungu tulitaje kwa kuomba baraka kweli, tusilitumie kujificha. Kama huwezi, sema huwezi, na sema unachoweza. Mjomba wa Somoe angeweza kujibu hivi:

"Marahaba Somoe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hongera kwa kuwa wa tisa. Viatu nitanunua, lakini namba 34 ili vikufae mpaka darasa la nne. Nitavituma kwa basi wiki moja kabla ya Krismasi, mama atavipokea stendi. Kulala Newala: kazini wamenipa siku chache, kwa hiyo nitalala usiku mmoja tu. Siwezi zaidi, nakwambia mapema usije ukaningoja. Usiku huo ni wako na bibi, sitakwenda kutembelea watu. Mpe bibi pole ya mguu. Mabibo msimwage yote, nibakizieni."

Tazama alivyofanya. Ametaja namba ya kiatu na sababu ya kuibadili. Ametaja wakati na njia ya kutuma, kwa hiyo mama anajua pa kusubiri. Kwenye ombi la pili amesema hapana kwa siku nyingi, akasema ndiyo kwa usiku mmoja, na akaulinda usiku huo. Na ametaja mguu wa bibi na mabibo, mtoto ajue barua imesomwa yote.

Kama ombi ni simu ya kioo au tableti, ambalo siku hizi ndilo ombi la wengi, usijibu kwa hasira ya bei. Mwulize anataka kuifanyia nini. Mmoja anataka michezo, mwingine anataka kuongea na mama aliyeko mbali, mwingine wenzake wote darasani wanaongelea katuni asizoziona. Kila jibu lina dawa yake, na dawa hizo nyingi ni rahisi kuliko tableti: simu ya mama kwa nusu saa kila Jumapili jioni, kwa mfano, kwa muda uliopangwa na unaoheshimiwa.

7. Mtoto anayemtaka Baba Krismasi

Atakuwa amemwona kwenye katuni. Usimkebehi. Mwambie ukweli unaopendeza: huko Ulaya na Amerika watoto humwandikia, na mashirika ya posta hupokea barua hizo. Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, kuna ofisi ya posta inayobeba jina lake. Kanada imempa msimbo wake wa posta, H0H 0H0. Marekani, tangu mwaka 1912, watumishi wa posta waliruhusiwa kuzifungua na kuzijibu barua hizo, na siku hizi raia wanaweza kuzisoma mtandaoni na kumnunulia mtoto zawadi. Mzazi zingatia hili: barua hizo haziwekwi mtandaoni mpaka jina la ukoo na anwani vimefichwa.

Posta zenyewe nazo zinabadilika. Denmark, shirika la PostNord liliacha kusambaza barua mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya huduma ya zaidi ya miaka 400.

Mkitaka kumwandikia Baba Krismasi, andikeni karatasi, nendeni posta ya Mtwara au Lindi mjini, nunueni stempu, mtoto aitumbukize mwenyewe. Anwani ya kurudishia iwe sanduku la posta la ofisi au la shule kwa ruhusa yao. Ila kwenye tovuti na kurasa zinazosema "andika barua yako hapa" na kudai jina kamili la mtoto, umri, picha na namba ya simu ya mzazi, usijaze. Huyo unayempa hayo yote humjui.

8. Hela isitangulie sauti

Msimu wa korosho na sikukuu ni msimu wa matapeli pia. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa unaweza kuja na picha ya barua ya mtoto, iliyookotwa kwenye kundi fulani, na maneno ya kutia huruma. Ukiombwa hela kwa ajili ya ombi la mtoto, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, zungumza na mzazi, na ikiwezekana na mtoto mwenyewe. Ukibaini ni utapeli, namba hiyo iripoti kwa ujumbe kwenda 15040.

9. Zawadi ikifika

Mnaotuma kwa basi, andika kwenye kifurushi jina la mpokeaji na namba yake kwa kalamu nene, chukua risiti ya mzigo, piga picha risiti na namba ya gari, umtumie anayepokea. Ndani weka karatasi yenye mstari mmoja kwa mtoto. Mpokeaji aende stendi na risiti hiyo kwenye simu, akague kifurushi kabla ya kuondoka.

Mtoto naye ashukuru siku hiyohiyo, kwa sauti, viatu vikiwa mguuni. Kama vimebana aseme vimebana, ili vibadilishwe kabla havijakanyaga matope. Kisha karatasi ya barua na ya jibu ziwekeni pamoja kwenye mfuko wa plastiki, mahali mnapoweka cheti cha kuzaliwa, juu ya kabati mbali na mchwa. Novemba ijayo zitoeni, mtoto asome aliyoyaomba na aliyojibiwa kabla ya kuanza kuandika mpya.